Skuta ya barabara kuu kwa mtu bonge: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nina urefu wa sentimita 188 na kilo 128 nikipimwa asubuhi kabla ya chai. Kazi iko Dar, familia iko Morogoro, na kwa miaka sita sasa safari hiyo ya kilomita mia na tisini hivi naifanya kwa skuta karibu kila mwisho wa wiki. Nikisimama Chalinze kunyoosha mgongo, hakosekani mtu wa kuizunguka skuta, kunitazama mimi, kuitazama tena, kisha kuuliza. Maswali ni yale yale. Nimeyaweka hapa ili mabonge wenzangu wasianzie pale nilipoanzia mimi, yaani kwenye skuta ya cc 125 na maumivu ya kiuno.

Skuta na barabara kuu wapi na wapi? Si chombo cha mjini?

Ukisema skuta, wengi wanaona kile kidude cha matairi kama ya toroli kinachokatiza Kariakoo. Unguja ndiyo kabisa, kila skuta ni "vespa" hata kama imeandikwa Honda ubavuni. Na Vespa yenyewe ilipotoka kwa Piaggio pale Pontedera, Italia, mwaka 1946, ilikuwa kweli ya kumfikisha mtu kazini na sokoni. Hakuna aliyefikiria kuvuka nayo mikoa.

Lakini kuna ukoo mwingine wa skuta, wale wakubwa. Suzuki walitoa Burgman 400 mwaka 1998. Mwaka 2001 Yamaha wakaja na TMAX ya cc 499 na Honda na Silver Wing ya cc 582, mwaka uliofuata Suzuki wakajibu kwa Burgman 650. Hizi zina kioo kirefu mbele, kiti kama cha kinyozi na tangi la lita kumi na ushee, na zimetengenezwa kwa mtu anayekaa kwenye mwendo wa 100 kwa saa tatu bila kuteseka. Ukiniuliza mimi, bonge hukaa vizuri zaidi humo kuliko kwenye pikipiki ya kawaida: hurushi mguu juu ya tangi, miguu inanyooka mbele, na tumbo halina cha kugombana nacho.

Bonge ni nani hasa? Mimi ni mrefu tu, si mnene.

Basi shida zako si zangu zote. Kilo zinakula nguvu ya injini, shokapu, breki na tairi la nyuma. Urefu unakula magoti na shingo: magoti yanagota kwenye bodi, na upepo unaoruka juu ya kioo unakupiga usoni. Halafu kuna upana, ambao watu wanausahau. Kifua kipana na koti la safari ni tanga la jahazi. Mwembamba wa urefu wangu kwenye skuta hiyo hiyo atanizidi mwendo kwa sababu upepo unamkwepa.

Mimi nina vyote vitatu, pamoja na kiatu namba 47. Nikisema kitu kinanitosha, kitakutosha.

Boxer inabeba mshikaki wa watu watatu. Kwa nini skuta ishindwe kunibeba mimi mmoja?

Hili ndilo swali ninalolipenda. Haitashindwa kukubeba, hata ya cc 110 itakubeba. Mshikaki unaenda 40 kutoka stendi hadi mtaani, dereva anaujua kila mfereji, na Boxer ina rimu za inchi 17 na shokapu ngumu kama gogo. Wewe unataka kwenda 90, basi la mkoani likiwa nyuma yako, shimo likitokea baada ya kona. Kubeba mzigo ni jambo moja. Kusimama nao, kukata nao kona na kulipita lori nao ni mambo mengine matatu, na ndiyo yanayoua.

Cc ngapi zinatosha?

Tuanze na adui, ambaye ni upepo. Mwendo ukiongezeka kidogo, nguvu unayodaiwa na upepo inaongezeka mno. Kutoka 80 kwenda 100, upepo peke yake unadai karibu mara mbili. Kutoka 80 kwenda 110 ni zaidi ya mara mbili na nusu. Ndiyo maana skuta inayofika 80 kwa raha inaweza isiione 100 maisha yake yote ukiwa umeikalia wewe.

Sasa weka namba. Skuta nyingi za cc 125 zina nguvu za farasi 9 hadi 12. Honda PCX ya cc 160 ina kama 16, na Yamaha NMAX ya 155 ina kama 15. Yamaha XMAX 300 ina 28, Burgman 400 kama 30. Burgman 650 inafika 55 hivi.

Mimi kwenye 125 nilikuwa nakaa 75 mahali tambarare, mkono wa mafuta umegota mwisho. Mlima kidogo ukija narudi 60, na dereva wa lori la Zambia nyuma yangu ananiombea dua mbaya. Kwenye skuta ya 160 ya rafiki yangu nilifika 95, lakini injini ilikuwa inalia muda wote. Injini inayokimbia ikiwa imekabwa mpaka mwisho haina akiba, na akiba ndiyo unayonunua.

Kuna jambo la barabara zetu ambalo wazungu hawaliandiki. Hakuna anayekaa 110 kwa saa nzima kutoka Dar kwenda Moro. Kila kijiji kina kibao cha 50, na nyuma ya mwembe kuna askari na tochi ya kupima mwendo. Unashuka 50, unatambaa hadi kibao cha mwisho, unapanda tena 90, kilomita tano mbele unashuka tena. Ukitoka kijijini, lile basi ulilolipita mwanzo limekukaribia na linataka njia. Kwa hiyo usiulize skuta ina mwisho gani. Uliza inatoka 50 kwenda 90 kwa muda gani ukiwa juu yake na begi lako. Hapo cc 250 inaanza kutosha, 300 hadi 400 ni raha, na 600 ni anasa yenye gharama zake.

Chini ya kilo 90, na kama safari yako haivuki Kibaha au Bagamoyo, 155 inakutosha. Okoa hela.

Nitajuaje uzito unaoruhusiwa?

Kila skuta ina uzito wake ikiwa na mafuta na oili, na ina uzito wa juu kabisa ambao mtengenezaji ameruhusu chombo, watu na mizigo kwa pamoja. Vyote vimo kwenye kitabu chake, mara nyingine na kwenye kibati cha fremu au stika chini ya siti. Toa cha kwanza kwenye cha pili, kinachobaki ndicho chako.

Tuseme skuta ina kilo 130 na mwisho wake ni 300. Umebaki na 170. Sasa usidanganye. Mimi niliingia kwenye duka la mahindi mtaani nikiwa na helmeti kichwani, koti, buti, begi mgongoni lenye kompyuta na nguo za siku mbili, nikapanda kwenye mizani ya magunia. Wapagazi walicheka mpaka wakakaa chini. Mizani ikasoma 146. Yaani kilo 18 zaidi ya zile ninazowatajia watu. Ukiongeza sanduku la nyuma lenyewe, kufuli, spana na chupa mbili za maji, ile 170 imekaribia kuisha kabla hujampakia mtu. Malori yana mizani ya Vigwaza ya kuyakumbusha, wewe huna wa kukukumbusha.

Sanduku la nyuma nalo lina mwisho wake. Mengi hayaruhusiwi kuzidi kilo 10 ndani, na kibebeo chake kinaweza kuruhusu pungufu ya hapo. Uzito huo umening'inia nyuma ya ekseli, na ukichanganya na wa kwako, mbele inakuwa nyepesi, usukani unaanza kucheza kwenye 90. Vitu vizito weka chini ya siti.

Rimu ndogo zina tatizo gani?

Shimo linaloimeza rimu ya inchi 10 linaruka chini ya rimu ya 15. Ndiyo hadithi yote. Kwa barabara kuu mimi sichukui chini ya inchi 13, na nikipata 14 au 15 mbele nafurahi. PCX ina 14 mbele na 13 nyuma, XMAX 15 na 14, Piaggio Beverly ina 16 mbele. Vespa GTS 300 ina injini nzuri kabisa lakini rimu zake ni 12, na kwa kilo zangu kwenye viraka vya lami niliyapata malipo yangu mgongoni.

Na tairi?

Hapa piga magoti usome ubavu wake. Utakuta kitu kama 140/70-14 62P. Hiyo 62 si upambo, ni mzigo ambao tairi hilo peke yake linaweza kubeba likiwa na upepo kamili: 62 ni kilo 265, 57 ni 230, 51 ni 195. Herufi ni mwendo: J ni 100, L ni 120, P ni 150. Injini ya skuta imekaa nyuma na wewe umekaa nyuma, hivyo tairi la nyuma linabeba zaidi ya nusu ya kila kitu. Duka likikuuzia tairi la bei poa lenye J, jua umenunua tairi la sokoni.

Tafuta pia namba nne zilizozungushiwa duara refu. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Skuta zilizotumika Japani mara nyingi zinafika na tairi lenye kashata nzuri lakini mpira umekauka, una nyufa kama unyayo wa mkulima. Badilisha, hata kama muuzaji anasema bado jipya. Upepo jaza kwa kipimo cha mzigo mkubwa kilichoandikwa kwenye stika, kile cha abiria wawili, maana wewe ni abiria wawili. Pima asubuhi tairi likiwa la baridi.

Nikikaa tu skuta inalala chini. Ndiyo imekwisha?

Pengine haijaisha, haijaguswa tu tangu itoke kiwandani, ilikopangiwa mtu wa kilo 70. Fanya hivi. Isimamishe kwenye stendi ya kati, gurudumu la nyuma lining'inie. Mtu apime kwa futi kutoka katikati ya ekseli hadi alama yoyote kwenye bodi iliyo juu yake sawasawa. Ishushe, kaa na vazi lako lote, miguu juu, mwenzako aishike isianguke, mwingine apime tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo umbali ulioshuka. Kama safari nzima ya shokapu ni milimita 100, unataka ishuke kama 30. Ikishuka 50, kila tuta utaligonga mwisho, na nyuma ikilala taa ya mbele inawamulika kunguru.

Shokapu nyingi zina ngazi chini ya springi, unazungusha kwa spana yenye ndoana hadi ngazi ya juu. Zungusha zote mbili sawasawa. Kama ukifika ngazi ya mwisho bado inalala, springi haikutoshi, tafuta ngumu zaidi kwa uzito wako au shokapu za kampuni zinazotengeneza kwa kupima kilo za mwendeshaji. Hii ni hela nzuri kuliko ekzosi ya kelele. Mbele, oili nzito kidogo kwenye fimbo za mbele inasaidia.

Kuna fundi alinishauri nichomee kipande cha bomba kurefusha kikalio cha springi. Nilishukuru, nikaondoka na skuta yangu.

Taja majina basi. Ipi inamfaa bonge?

Nitasema kwa mpangilio wa ninavyozipenda, si wa bei.

Burgman 400 ndiyo ningemwelekeza bonge yeyote bila kumuuliza maswali. Kiti kiko milimita 755 tu kutoka chini, kipana, na kina kiegemeo cha kiuno. Miguu unaweza kuiweka chini kama umekaa kwenye kochi au kuitanguliza mbele. Haina papara, haina sifa, inafika.

XMAX 300 ni nyepesi, kilo 180 hivi, na inakata kona vizuri. Kiti ni milimita 795, na kwa kuwa ni kipana, bonge mfupi atasimama kwa ncha za vidole kwenye mataa. Bonge mrefu ataipenda. Honda Forza 350 iko karibu sana nayo, kiti 780, na kioo chake kinapanda na kushuka kwa umeme, kitu nilichokidharau hadi nilipokijaribu kwenye mvua.

Silver Wing na Burgman 650 zina nguvu ya kumbeba bonge na mwenzake na zawadi za nyumbani. Lakini zina kilo 250 na zaidi. Zikiwa kwenye lami huwezi kuamini uzito huo, zikiwa kwenye mchanga wa uani kwa mama mkwe utauamini.

TMAX ni ya wanaotaka kukimbia. Katikati ina mgongo mrefu, buti namba 47 linagombania nafasi. Nimeikalia, nimeisifu, nimeshuka.

Za cc 125 kama TVS Ntorq au Honda Dio ya 110 ni skuta nzuri za mjini, na bonge aziache huko huko.

Mbona zilizotumika za Japani nyingi ni 250?

Kwa sababu ya sheria zao. Japani chombo cha cc 125 kushuka chini hakiruhusiwi kwenye barabara za kasi, na kinachozidi 250 kinalazimika kwenda ukaguzi wa serikali kila baada ya muda. Cc 250 inapita katikati: inaruhusiwa barabara ya kasi na haidaiwi ukaguzi. Yamaha Majesty 250 ilifungua mlango mwaka 1995, Suzuki Skywave na Honda Forza zikafuata, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijana wa kule walizipenda kweli kweli, wakazifunga spika na taa za rangi. Sehemu ya hizo ndizo unazoziona huku.

Sasa geuza jambo hilo uone upande wa pili. Isiyodaiwa ukaguzi, hakuna aliyemlazimisha mwenyewe kuitunza. Mimi nikikuta 250 na 400 za umri mmoja, naiamini zaidi historia ya 400. Kagua mabomba ya mpira, kagua breki, na kama ni ya kabureta na imelala kontena na yadi miezi kadhaa, tegemea kusafisha kabureta kabla ya kuzungumzia safari. Zilizofungwa spika, fungua bodi uone nyaya zimekatwa wapi.

Mkanda ni nini, na kwa nini kila mtu anautaja?

Skuta haina mnyororo wala gia za kukanyaga. Nguvu inatoka injini kwenda nyuma kwa mkanda wa mpira unaopanda na kushuka kwenye puli mbili, na ndani ya puli ya mbele kuna rola zinazosukumwa nje mzunguko unapoongezeka. Mkanda huo unakaa gizani kwenye joto, na joto lake linategemea mzigo. Mzigo ni wewe.

Skuta yangu ya pili niliuziwa na maneno "mkanda mpya kabisa, kaka". Nilipopita Ubena nikasikia kishindo, injini ikapiga kelele kama imeachiwa huru, na skuta ikaanza kupoteza mwendo taratibu hadi ikasimama kwenye jua. Baadaye fundi alipofungua kifuniko cha kushoto, mkanda ulikuwa umetawanyika nyuzi nyuzi, kama katani iliyotoka mashineni. Nilirudi Chalinze nyuma ya Canter ya vitunguu. Nauli niliyolipa ingenunua mkanda.

Kwa hiyo: ukinunua iliyotumika, mkanda unabadilishwa siku hiyo hiyo, hata ukiapiwa msahafu. Kisha fuata kitabu. Nyingi zinasema kilomita 20,000 au zaidi kidogo, mimi nabadilisha 15,000, na kila 5,000 fundi anapima upana wake kwa vernia. Ikitetemeka wakati wa kuondoka, au injini ikipandisha mzunguko bila mwendo kufuata, usisubiri. Burgman 650 ni habari nyingine, kwani puli zake zinaendeshwa na mota ya umeme chini ya kompyuta. Fundi wa mtaani hana pa kuanzia.

Nibadilishe rola ziwe nyepesi ili ivute?

Gramu moja tu, ukiwa na 155 na milima njiani. Itatoka kwa nguvu, lakini kwenye 80 injini itazunguka juu zaidi na mafuta yataliwa. Ukihitaji zaidi ya hapo, unahitaji skuta nyingine.

Breki je?

Diski mbele na nyuma, na ABS, ile inayozuia gurudumu kukwama ukibana ghafla, kama mfuko unaruhusu. Kutoka 100 una zaidi ya mara moja na nusu ya kazi ya kusimama ukilinganisha na 80, halafu ongeza kilo zako. Pedi zangu zinaisha haraka kuliko za watu, nimezoea. Oili ya breki hunywa unyevu, badilisha kila miaka miwili, hasa kama unaishi pwani.

Mteremko mrefu una somo lake. Nilipotoka Iringa mara ya kwanza nikaushuka Kitonga kwa kubana breki tu, na kufika chini zilinuka na mkono wa kushoto ulikuwa laini. Skuta inakushikilia kwa injini mradi klachi imeshika, lakini ukipunguza sana, kwenye 15 au 20 hivi, klachi inaachia na chombo kinaserereka kama baiskeli. Shuka kwa mwendo wa wastani usiokatika, breki zote mbili kwa vipindi, na ukihisi imeachia gusa mafuta kidogo ishike tena.

Kioo kirefu kinanipigia kelele kichwani. Nikitoe?

Usikitoe. Ukikaa wima, ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa pua, uone barabara juu yake na si kupitia kwake, maana usiku wa mvua kioo chenye mikwaruzo ni ukuta. Kikiishia usawa wa kidevu, upepo wote unatua kwenye helmeti, na kwa mrefu ndiyo kelele hiyo. Kirefushe, au kijaribu kifupi kabisa ili upepo ukupige kifuani. Cha katikati ndicho kibaya.

Siti inachoma baada ya Mlandizi.

Mlandizi ni mapema sana! Sponji imekufa. Fundi wa makochi anaweza kuijaza sponji ngumu, mwambie iwe ngumu, kwa sababu laini inamezwa na kilo zako dakika ishirini tu kisha umekalia plastiki. Asiipandishe juu kama miguu yako haina nafasi ya ziada.

Nikiwa dukani nijaribu nini?

Kaa dakika kumi kamili, wasikuharakishe. Geuza usukani wote kulia, wote kushoto: ukigusa goti au tumbo, siku moja utaugusa kwenye kona ya U huku lori linakuja. Weka miguu yote miwili chini. Ishushe kwenye stendi ya kati na kuirudisha mwenyewe. Irudishe nyuma kwa miguu ukiwa umekaa, kwenye kamteremko kama kapo. Halafu nenda na mwenye skuta barabara ya wazi, yeye aendeshe yake na wewe hiyo.

Mama watoto anaweza kupanda?

Rudi kwenye ile hesabu ya kilo. Kwangu mimi, mpaka iwe skuta ya cc 400.

Za magurudumu matatu? Za umeme?

Piaggio MP3 ina mawili mbele na inalala kwenye kona kama kawaida. Nzuri kwenye lami yenye utelezi, lakini magurudumu mawili mbele ni mashimo mawili ya kukwepa. Za umeme, BMW CE 04 inafika 120 lakini chaji yake ni ya kilomita 130 kwa mahesabu ya kiwandani. Mimi na upepo tungeishia kichakani.

Leseni?

Tanzania, skuta inayozidi cc 125 ni daraja A, si A1. Kenya ni A2. Usiende na ya gari tu ukitegemea huruma.

Koti la saizi yangu linapatikana wapi?

Mitumba ya Karume, kwa subira. Angalia lebo: 3XL ya Kijapani ni kama XL ya Ulaya, nimenunua mbili zisizofunga zipu. Helmeti usinunue mtumba kamwe.

Ikianguka nitaiinuaje? Ina kilo 220.

Zima kwanza. Kama imelalia upande wa kulia, toa stendi ya pembeni kabla ya kuinua, ili ikisimama iwe na pa kuegemea. Pikipiki ungeiacha kwenye gia isiserereke, skuta haina gia ya kuishika, kwa hiyo funga breki ya kuegeshea kama ipo, Burgman inayo, au zungushia mkono wa breki ya nyuma kipande cha tyubu. Mimi nacho kimefungwa kwenye kioo cha kushoto siku zote, na watu hudhani ni hirizi. Igeuzie mgongo, chuchumaa, makalio yaguse ukingo wa siti, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye kishikio cha abiria. Mgongo ukiwa umenyooka, rudi nyuma kwa hatua fupi fupi ukisukuma kwa miguu. Hapo ndipo ubonge unalipa: mwembamba atamwita mtu, wewe utainyanyua kabla hawajafika.